Debe la Usipa Chini ya Boneti

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu ananiomba nifungue boneti. Mnachungulia, mnacheka, mmoja wenu ameinama mpaka akanusa, kisha linakuja swali lile lile: muuza spea mzima, debe la mafuta ya kula limefikaje kwenye injini yako, na mbona huling'oi? Nimewajibu kwa mizaha, kila siku mzaha mpya, na sasa mizaha imeniishia. Naandika ili msome mkiwa kwenu na mimi nikiwa kwangu, tusitazamane. Nina aibu, tena aibu ya mtu mzima, ambayo haitoki kwa kuoga wala kwa kulala.

Mbinga, ambako gari lilikuwa zima

Kwa atakayepitishiwa maandishi haya bila kunijua: nauza spea za magari Mbinga mjini, na gari langu ni stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya fedha. Mwaka huu nilianza kuuza zile filta za hewa za wazi, zenye umbo la koni, ambazo watu wanazipenda kwa sababu injini ikivuta hewa inanguruma. Ili wateja waniamini, nikaifunga koni kwenye gari langu mwenyewe. Boksi la plastiki lililoifunika filta ya zamani, pamoja na bomba lake la kuvuta hewa kutoka mbele, nililing'oa nikampa jirani yangu Mama Fides. Alilitia majani makavu, na kuku wake akaatamia humo.

Kila mwenye duka la spea anajua kazi ya boksi lile. Linaitenga filta na joto la injini. Ukiliondoa, koni inabaki uchi kando ya ekzosi, inavuta hewa iliyokwisha kupikwa, na hewa ya moto haiipi injini nguvu. Nilijua hivyo. Wateja wakiniuliza, niliwashauri wajenge kiboksi cha bati cha kukinga joto, na changu mimi kilikuwa kinajengwa wiki ijayo, kila wiki. Gari nililijaribu hapa hapa mjini, asubuhi, sisi wote tumevaa makoti, na lilikwenda vizuri mno. Ndilo kosa letu watu wa milimani: tukisema gari zima, tuna maana ni zima kwenye baridi yetu.

Sasa safari yenyewe. Imelda, mdogo wake mke wangu Editha, alikuwa anaweka nadhiri za daima za utawa Jumamosi, Kigonsera. Kwa desturi ya masista wake, kila mwenye nadhiri anatembea kutoka mlangoni hadi altareni pamoja na mzazi, mzazi akiwa ameshika mshumaa, na mzazi anaulizwa mbele ya watu wote kama anamtoa mwanawe kwa moyo. Baba yao alikwisha fariki. Amebaki mama, ambaye anaishi ufukweni, mbele kidogo ya Mbamba Bay kwa barabara ya vumbi. Nikajitolea kwenda kumchukua kwa gari. Hakuna aliyeniomba.

Kuteremka

Tuliondoka Ijumaa baada ya kula, mimi na Editha. Watoto tuliwaacha kwa Mama Fides. Safari ya kuteremka ingekuwa fupi, lakini mimi nilikuwa na kitu cha kuonyesha. Nilisimama kwa rafiki yangu mmoja aliyekuwa anaanika kahawa, nikamfungulia boneti. Nikasimama tena kwa fundi mmoja wa pikipiki, nikakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, asikie. Tuliponunua ndizi njiani, bibi aliyetuuzia aliusikia ule muungurumo akamshika Editha mkono, akampa pole kwa gari kuugua. Editha alicheka mpaka tukafika kona iliyofuata. Mimi nilinuna kidogo.

Barabara ile mnaijua, siku hizi ni lami, kona juu ya kona, na kila ukishuka unavua nguo moja. Gari lilikuwa linateleza lenyewe. Nikamwambia Editha aone mwenyewe, kona zote zile na hatujakosa nguvu hata mara moja. Akanikumbusha kwamba tulikuwa tunateremka. Ziwa lilipotokea chini yetu nilikuwa nimebaki na fulana, na mkono niliouweka juu ya boneti tulipofika Mbamba Bay niliuondoa haraka. Nikajisemea ni kawaida, huku chini kila kitu ni cha moto.

Kwa wakwe

Hapa lazima niwaeleze jambo la ukoo wa mke wangu, maana bila hilo hamtaielewa aibu yangu. Kwao mama mkwe hasemi na mkwe wa kiume ana kwa ana mpaka mkwe amletee kuku wa kufungua mdomo. Si mahari. Ni kuku mmoja tu, amlete kwa mkono wake mwenyewe na aombe kusemeshwa. Mpaka siku hiyo, mama anasema naye kupitia mtu wa tatu, hata kama wamekaa benchi moja. Mimi tangu nioe nimekwenda kule na sukari, na sabuni, na mchele, na hadithi nyingi za mjini. Kuku alikuwa wa safari ijayo. Tumezaa, watoto wameanza shule, na mama yule alikuwa hajawahi kunitamkia neno moja. Nikimwamkia, alikuwa anapiga makofi polepole ya adabu huku akitazama pembeni, basi.

Jioni ile tulikaa uani, upepo wa ziwa ukituondolea jasho. Walinipikia samaki mbasa kwa ugali wa muhogo, na nikala mpaka nikaona haya kuomba maji ya kunawa. Alikuwepo Mjomba Damasi, kaka yake mama, mtu wa maneno machache ambaye anavua na kuuza samaki. Alikuwa amekwisha shika nafasi mbili kwenye basi dogo linalopanda Mbinga alfajiri, yake na ya dada yake.

"Mkwe," akaniambia, "mama aende na mimi. Nyie mtatukuta kanisani."

Nikamwambia haiwezekani mama abanane kwenye basi, siku kama hiyo, wakati mkwe wake ana gari. Nilisema kwa sauti, na majirani walikuwepo. Mjomba akarudia ugali wake. Mama, ambaye alikuwa anapepeta usipa, dagaa wakavu wa ziwani, hatua chache kutoka nilipokaa, akamgeukia Editha.

"Mwambie baba, mlima ule ni mrefu. Ana hakika?"

Nami nikamjibu Editha, kama utaratibu ulivyo: "Mwambie mama, akiwa na mimi, amekwisha fika."

Neno hilo nimelirudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile. Wakati ule lilinifurahisha, na majirani walilicheka.

Basi lilipiga honi alfajiri, Mjomba akaondoka peke yake. Mimi nilisikia honi nikageuka upande wa pili. Nilipoamka mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, amevaa nguo zake za kanisani, na debe la usipa kwa ajili ya jiko la masista liko miguuni pake. Mapajani alikuwa na kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani. Kitenge hicho kilikuwa cha kutandikwa chini mlangoni mwa kanisa, Imelda akitoka akanyage juu yake, kama akina mama wanavyofanya. Alikuwa amekaa hivyo tangu giza. Nami nikanywa chai, nikala samaki waliobaki, halafu nikaomba maji ya kuosha gari, maana lilikuwa na vumbi na sikutaka kuingia nalo Kigonsera likiwa chafu. Tulipoondoka jua lilikuwa limekwisha shika ardhi.

Mlimani

Mpaka mwanzo wa mlima mambo yalikuwa mazuri. Kisha barabara ikainuka, nikarudi gia ya pili, na gari likaanza kutweta. Ule muungurumo niliokuwa nawaringishia watu ukageuka kikohozi. Nikakanyaga zaidi, halikuongeza kitu. Kwenye kona moja likazimika kabisa, nikavuta breki ya mkono na kushuka.

Nilipofungua boneti, joto lilinipiga usoni. Nikaacha wazi, tukasubiri, likawaka, tukapanda kona mbili, likazimika. Tukasubiri tena. Editha alikuwa anatazama saa na mimi nilikuwa namwambia asitazame saa. Mama alikaa kiti cha nyuma, mikono juu ya kitenge chake, hajauliza chochote. Ningependa angeuliza.

Mara ya tatu tulipozimika, ikatokea pikapu inapanda kutoka ziwani. Nyuma imejaa watu na magunia, lakini mbele kando ya dereva palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Dereva akasimama mwenyewe. Akatuamkia, akamtazama mama alivyovaa, akasema mama apande mbele, yeye anakwenda Mbinga na hapo magari ya Kigonsera hayakosi.

Nikamjibu haraka, kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo. "Asante ndugu yangu, tumeshamaliza. Tunawasha sasa hivi."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Pikapu ikaondoka, nasi tukabaki na harufu ya moshi wake.

Sina la kujitetea hapo. Nilichofikiria ni jambo moja tu: mama akifika Kigonsera kwenye gari la mtu mwingine, watu watauliza mkwe mwenye gari yuko wapi. Editha alinigeukia.

"Baba Neema," akasema, "umemjibia nani?"

Hakungoja jibu. Alichukua simu akaanza kupanda barabara kwa miguu kutafuta mtandao, amwarifu Mjomba kwamba tumekwama. Nikamtazama mpaka akapotea kwenye kona. Kisha nikagundua kwamba nimebaki na mama mkwe peke yangu, na hakuna mtu wa tatu.

Debe

Niliingiza kichwa chini ya boneti, mahali pekee pa kujificha. Shingo ya mpira iliyoishika koni ilikuwa imelainika kwa joto na kuinama, na koni yenyewe imelalia upande wa ekzosi. Injini ilikuwa inavuta hewa ya tanuri. Dawa niliijua, ni ile ile niliyokuwa nawauzia watu kwa mdomo: kiboksi cha bati, kimefungwa upande wa injini na kiko wazi upande wa mbele. Dukani kwangu bati zipo na mkasi wa bati upo. Pale nilikuwa na plaizi, bisibisi na waya. Nikawa nalalamika peke yangu kwa sauti, ningepata hata kipande cha bati, hata kipande tu.

Nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mama alishuka na debe lake, akatafuta mahali pa kulimimina, hakupaona, akatandika kile kitenge kipya kwenye majani na kuumwaga usipa wote juu yake. Akakifunga ncha nne. Kisha akaja akaliweka debe tupu karibu na miguu yangu, akakohoa, akatazama bondeni.

Nilidhani anataka nimwekee debe kivulini. Nikalichukua, nikaliweka upande wa pili wa gari penye kivuli. Akalifuata, akalirudisha pale pale, akakohoa tena. Basi nikafikiri mama wa watu ameniona nimechoka ananipa kiti. Nikaligeuza juu chini, nikasema asante nikiwa nautazama mti, nikalikalia.

Mama alilitazama debe. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe mwanawe. Alinigeukia uso kwa uso.

"Baba," akasema, "usilikalie. Likate."

Sauti yake nilikuwa naijua, nimeisikia miaka mingi ikipita kwa Editha, lakini haijawahi kunielekea. Nilinyanyuka kama niliyeungua. Alikuwa amekwisha geuka tena na kutazama bondeni, na niliona mikono yake inavyoshikana. Mama yule alikuwa amevunja heshima yake mwenyewe, bila kuku, mlimani, kwa sababu mimi nilikuwa mjinga na muda ulikuwa unakwisha. Nilitamani barabara inimeze.

Bisibisi ilitoboa, lakini haikukata. Hapo akaja mama mmoja wa shambani na panga mkononi na kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha kichwani. Alikuta mwanaume amepiga magoti porini na debe, waya na mabomba ya mpira, akahitimisha mara moja kwamba natengeneza mtambo wa gongo. Alinikemea mbele ya mama mkwe wangu. Akaniuliza kama sina watoto, kama sijaona pombe ile ilivyomaliza watu. Nikajaribu kueleza habari za filta, akasema anajua kuchuja ndiko kunakoanza.

Mama mkwe ndiye aliyeniokoa. "Huyu ni mkwe wangu," alimwambia, "anatengeneza gari. Tunamwahi mwanangu kanisani."

Yule mama akanitazama upya, akaniomba radhi kwa Kimatengo na kwa Kiswahili, akanipa panga na viazi. Viazi nilikula nikiwa nafanya kazi na sikuonja ladha yake. Mama mkwe alinitetea bila kusita, na dakika chache kabla nilikuwa nimemnyima kiti cha mbele kwenye pikapu.

Nililikata debe upande mmoja wote. Chini nikakata tundu la duara kwa ajili ya shingo ya koni, mbele nikakata mdomo mpana na kuuelekeza kwenye uwazi wa kando ya taa, ipite hewa ya nje. Kile kipande nilichokata nilikifunga upande wa ekzosi, nimeacha nafasi ya kidole kati yake na debe, ili bati la kwanza lipokee moto na la pili lisipate. Mpira wa kufungia mizigo niliuchana nikavisha kingo zote, zisikate nyaya na zishikane na boneti ikifungwa. Shingo niliikaza upya, debe nikalifunga kwa waya kwenye vishikio vya boksi la zamani. Mikono ilikuwa inatoka damu na inanuka usipa. Ni kazi nzuri, mmeiona wenyewe. Ningeweza kuifanya siku yoyote nyumbani, nikiwa na mkasi na kikombe cha chai.

Gari likawaka na kupanda. Tulimkuta Editha anarudi mbio, amekwisha mwarifu Mjomba, tukamchukua. Halikutweta tena mpaka juu, na kadiri lilivyopanda vizuri ndivyo nilivyozidi kuona haya, maana kila kona ilinionyesha jinsi jambo lilivyokuwa dogo. Editha alikuwa mtu wa tatu tena, na mama hakumpa ujumbe wowote wa kuniletea.

Kigonsera

Tulipitiliza Mbinga bila kusimama. Kigonsera tulifika kwaya ikiwa inaimba, na mimi kwa tamaa nikadhani ni maandamano ya kuingia. Zilikuwa nyimbo za shukrani, baada ya komunyo. Mama alishuka na mzigo wa usipa kichwani kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuuacha, akasimama mlangoni. Watu wa viti vya nyuma waligeuka kwa harufu kabla ya kugeuka kwa macho. Mbele kabisa Imelda alikuwa amevaa kilemba kipya cha utawa, na Mjomba Damasi amekaa nyuma yake na mshumaa uliokwisha zimwa.

Yaliyotokea nilisimuliwa na Mjomba, kwa sauti ya chini, bila lawama, na lawama ingekuwa nafuu. Walipoitwa wazazi, Imelda alisimama mlangoni peke yake. Akaulizwa mzazi wake yuko wapi, akajibu, "Mama yuko njiani." Padri akaagiza wimbo urudiwe. Wakaurudia wote. Imelda akaulizwa tena, akajibu hivyo hivyo. Ndipo Mjomba akainuka akauchukua mshumaa, na swali la kumtoa mtoto akalijibu yeye.

Nje akina mama walitandika khanga na vitenge, vigelegele vikapigwa, masista wapya wakapita juu yake. Kitenge cha mama kilikuwa kimefungwa ncha nne kimejaa samaki. Nilimwona anakitazama. Nilikwenda nikasimama nyuma ya gari langu safi nikalia, na nawaambia hivyo kwa sababu mmoja wenu aliuliza kama kweli nililia.

Baadaye, watu walipokwisha kukaa kula, mama aliupeleka usipa jikoni, akaumimina, akakung'uta kile kitenge. Kisha akakitandika pale pale kwenye mlango wa jiko, kina magamba na madoa. Imelda akaja. Alielewa bila kuambiwa, akavua viatu, akapita juu yake taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, na wapishi wakaacha miiko yao wakampigia vigelegele. Alimkumbatia mama akamwambia ananuka nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau dirishani, nikaiweka chini bila kuila.

Mama alirudi ziwani kwa basi na Mjomba. Nilimtuma Editha amwambie nitampeleka. Jibu likaja kwamba nafasi zimekwisha shikwa.

Ziwani tena

Nilikaa na jambo hilo mpaka likanishinda. Mama Fides aliniuzia kuku jike, mmoja wa wale walioanguliwa ndani ya boksi langu, na boksi lenyewe akanirudishia. Nililiosha nikaliweka rafuni. Nikanunua debe jipya. Nikateremka peke yangu, bila kumfungulia mtu boneti njiani.

Mama alikuwa uani anageuza usipa juani. Mjomba Damasi alikuwepo, ananyoosha nyavu. Nilipiga goti nikiwa na kuku mikononi.

"Shikamoo mama. Nimekuja na kuku. Naomba unisemeshe."

Alimpokea, akampima uzito kwa mkono, akamfunga mguu kwenye kigoda. Kisha akanitazama, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Marahaba, baba. Keti." Akaketi na yeye. "Neno langu la kwanza kwako nililitunza miaka yote. Siku ile nilipanga, nikishamfikisha Imelda altareni, nitoke nje nikwambie asante. Hata bila kuku. Nilishajiandaa. Likatoka kule mlimani, la debe."

Nilimwomba anisamehe, akasema amenisamehe siku ile ile, kwani angebaki nayo ya nini. Tukala pamoja, na alinisemesha vizuri, habari za watoto, habari za biashara. Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini silibadilishi debe wakati boksi la kiwandani liko rafuni, ni hilo. Neno la kwanza la mama mkwe wangu liko mle ndani, limekatwa kwa panga, na si langu kulitupa.

Wakati wa kuaga nilijipa moyo. Nikamwambia Jumapili ni siku ya wazazi kuwatembelea masista, na gari sasa ni zima, nimelijaribu kwenye joto, nije nimchukue alfajiri.

"Mimi nitapanda basi na Damasi," akasema. "Wewe nipelekee usipa."

Akalijaza debe jipya mpaka juu, akalifunika kwa gazeti, akanisaidia kulipakia. Jumamosi ilipita, na Jumapili hiyo sikungoja chai. Gari lilikwenda toka Mbinga mpaka Kigonsera bila kukohoa hata mara moja, na usipa ulifika mapema kabisa, masista wakiwa bado kwenye sala za asubuhi.